Mume asema gego halionekani, nami pengo la mbele lanitia aibu: nianze na lipi?

Kwako mshauri,

Pokea salamu kutoka Umoja, Nairobi. Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo katika shule ya kibinafsi. Nina umri wa miaka 44, nimeolewa na tuna watoto watatu. Jambo hili huenda wengine wakaliona dogo, lakini limenikaa rohoni kwa muda mrefu.

Nina mapengo matatu kinywani. Moja liko juu mbele, upande wa kulia, jino la pili kutoka katikati. Nilianguka kutoka kwenye bodaboda miaka mitatu iliyopita, jino likavunjika, nikang'olewa kipande kilichobaki. Mengine mawili ni magego makubwa ya chini, upande wa kushoto. La kwanza niling'oa miaka tisa iliyopita kwa kuwa lilioza, na jirani yake nikaling'oa mwaka jana. Kuziba kulikuwa ghali kuliko kung'oa.

Pengo la mbele limeniharibia kazi. Nikifundisha sauti za "s" na "z" hutoka na mluzi. Juzi mtoto wa gredi ya pili alisoma neno "sisimizi" kwa mluzi uleule wangu. Hakuwa na utundu wowote, alidhani ndivyo linavyotamkwa. Nilicheka na darasa, nikafika nyumbani nikalia. Katika picha za harusi ya mdogo wangu, zote nimefumba mdomo au nimeuziba kwa leso.

Upande wa nyuma nimezoea. Natafunia kulia tu. Mahindi choma niliacha, na githeri nikipakuliwa hula maharagwe nikabakisha mahindi. Ila siku hizi gego la juu kushoto naliona kama limerefuka, na chakula hunasa hapo. Tena jino moja la kulia limeanza kushtuka nikinywa maji baridi.

Zamu yangu ya chama inafika baada ya wiki tatu: Sh90,000. Nilienda kwa daktari wa meno mjini, akanitajia meno matatu ya kupandikiza kwa karibu Sh400,000, nikaondoka bila kuuliza swali hata moja. Fundi wa meno mtaani kwetu anasema atanibandikia la mbele kwa Sh5,000, siku hiyohiyo, na halitoki tena.

Mume wangu si mtu mbaya. Anasema fedha za chama ziende kwa karo ya kifungua mimba wetu anayejiunga na chuo anuwai. "La mbele sawa, lakini gego nani analiona?" Kisha huongeza, "Jino la pembe si dawa ya pengo." Mama mkwe alitolewa meno sita ya mbele ya chini akiwa msichana, kama ilivyokuwa desturi ya Waluo. Huniambia kwamba yeye amezaa, amelea na amezeeka na pengo lake, wala hajawahi kulala njaa. Nakosa la kumjibu.

Je, haya ni majivuno? Nikubali la fundi na magego niyasahau? Au nichukue mkopo wa Sacco, nipandikizwe yote matatu, nimalize mara moja?

Mwalimu, Umoja

*

Dada yangu mwalimu,

Ahsante kwa kueleza kila kitu bila kuficha, hata kile kilio cha jioni. Nianze na neno "majivuno", kwa sababu naona limekuzuia usiulize maswali yanayofaa. Sauti za "s" na "z" hutokea pumzi inapopita kwenye upenyo mwembamba, ulimi ukiwa karibu na ufizi na meno ya mbele ya juu. Jino likikosekana, pumzi hupata mlango wa pembeni, ndipo mluzi unapoingia. Mtoto wako alisikia sawasawa, akaiga alichosikia. Mwalimu anayetaka kurudisha chombo chake cha kazi hajivuni, na hata kama ungekuwa unataka tu kucheka kwenye picha, sioni kosa. Waswahili husifu mwanya kwa sababu ni maumbile, na meno na mfupa wake yako kamili. Pengo ni kitu kingine, maana mfupa uliokuwa umelishika jino huanza kunywea mara tu jino linapotoka.

Katika barua yako naona mambo mawili yamefungwa kwa kamba moja: pengo la mbele na mapengo ya nyuma. Naomba tuyafungue, kwa kuwa hayana haraka sawa, hayana dawa moja, na hayana bei moja. Pia umebaki na bei mbili tu kichwani, Sh5,000 na Sh400,000. Kati yake zipo njia kadhaa ambazo hukuambiwa, au pengine ungeambiwa kama woga haukukutoa mlangoni mapema.

Nianze na gego, kwa kuwa ndilo linalokosa mtetezi nyumbani. Mumeo anauliza nani analiona. Gego la juu linaliona. Jino halikujengewa kwa saruji. Limeshikiliwa mfupani na nyuzi ndogo zinazonyumbuka, na linapokosa mwenzake wa kukutana naye, huanza kushuka polepole kumtafuta. Hilo "kurefuka" unaloliona si kukua, ni kushuka. Simama mbele ya kioo mchana, karibu na dirisha. Uma meno bila kukaza, kisha vuta shavu la kushoto kwa kidole. Angalia ncha za meno ya juu kama zinafuata mstari mmoja, au gego limeteremka chini ya wenzake. Tazama pia kiasi cha nafasi iliyobaki kati yake na ufizi wa chini.

Nafasi hiyo ndiyo fedha yenyewe. Ikiisha, hakuna jino la aina yoyote litakaloingia hapo chini mpaka gego la juu lisagwe, au neva yake itolewe kisha livikwe kofia, au ling'olewe. Hivyo ndivyo mapengo mawili yanavyozaa la tatu. Mzizi wa gego linaloshuka huachwa wazi, nao hauna ile ngozi ngumu inayofunika sehemu ya juu ya jino, kwa hiyo huoza upesi. Na kama una gego la mwisho kule chini kushoto, huenda limeinama mbele kuelekea pengo na kufanya kijishimo ambacho mswaki haufiki. Chakula kunasa pale ni dalili usiyopaswa kuizoea.

Hata hivyo, kinachonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni lile jino la kulia linaloshtuka. Upande huo umefanya kazi ya pande mbili kwa miaka kadhaa. Huenda limepata ufa, huenda limeoza, huenda ufizi umeshuka tu. Hakuna ajuaye bila kuligonga, kulikagua na kulipiga eksirei. Ukilipoteza, upande wako mmoja wa kutafunia utadhoofika, na hapo hata uchaguzi wa meno bandia utakuwa mgumu, kwa sababu mabamba (meno bandia ya kuvaa na kuvua) na madaraja (yanayoshikizwa kwenye meno jirani) huegemea meno yaliyobaki. Litaje kwa daktari kabla ya kutaja pengo lolote.

Kuna na suala la sahani. Asiye na magego hujikuta akichagua chai na mkate, uji, viazi na wali, huku akiacha mahindi, karanga, nyama na mboga mbichi. Unaweza kupika sukuma wiki hadi ilainike, ndiyo. Lakini vile vyakula laini vya wanga hung'ang'ania meno, hulisha ukoga, na ukoga huozesha meno yaliyosalia. Umeshaacha mahindi ya githeri. Hicho ni chakula cha kila wiki katika nyumba nyingi za Nairobi, si anasa.

Baada ya kusema hayo yote, mumeo hakukosea kabisa. Si kila pengo la nyuma lazima lizibwe. Shirika la Afya Duniani limetumia meno 20 ya asili kama kipimo cha kinywa kinachoweza kufanya kazi ya kuridhisha bila meno bandia, nawe kwa hesabu yako bado uko juu ya hapo. Tangu miaka ya 1980 madaktari wengi wamekubali pia kwamba mtu mwenye meno ya mbele na magego madogo yaliyo imara pande zote mbili anaweza kuishi vyema bila magego makubwa. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari si "mtaniwekea yote lini?" Muulize hivi: "Tukiliacha pengo hili, gego la juu tutalizuiaje lisishuke zaidi?" Wakati mwingine jibu ni kibamba chembamba cha plastiki cha kuvaa usiku kwenye meno ya juu. Wakati mwingine ni kurudisha gego moja badala ya mawili. Wakati mwingine ni kuchukua picha na nakala ya plasta ya meno yako leo, kisha kulinganisha baada ya miezi sita kuona kama kuna kinachosogea.

Mama mkwe naye mheshimu, na ushuhuda wake ni wa kweli. Ila meno aliyotolewa ni ya mbele, kazi yake ni kukata. Alitolewa akiwa mdogo, ulimi ukajifunza matamshi upya, tena katika jamii ambako pengo lile lilikuwa alama ya kukua. Mawe yake ya kusagia yalibaki mahali pake. Muulize kwa upole alitafuna kwa meno yapi miaka yote hiyo. Nadhani mtacheka pamoja.

Sasa tuje mbele. Fundi akikuambia "halitoki tena", huko kutotoka ndiko tatizo la jino lake. Mafundi hao mara nyingi huchanganya unga na maji ya akriliki, aina ya plastiki ngumu, wakaubandika ungali laini kati ya meno mawili ya pembeni, pengine kwa waya. Akriliki hiyo hutoa joto inapokauka, na maji yake yasiyoungana vizuri huchoma ufizi. Ikishaganda, uzi wa kusafishia haupiti na mswaki haufiki. Ufizi huvimba na kutoa damu, na yale meno mawili mazima huoza kwa kificho mpaka yanaanza kulegea. Wengi hurudi kwa daktari wakiwa na mapengo matatu badala ya moja. Na vifaa visivyochemshwa chini ya mgandamizo wa mvuke huweza kuhamisha homa ya ini aina ya B. Hapa nitakuwa wazi kuliko mahali pengine popote katika jibu hili: hiyo Sh5,000 naiogopa.

Njia halali zilizopo kwa pengo la mbele ni nne.

Ya bei nafuu zaidi ni bamba la akriliki la kuvaa na kuvua. Utasafishwa meno kwanza, kisha daktari atachukua umbo la kinywa kwa uji mzito unaoganda kwa dakika chache, atapima unavyouma, na mara nyingi atakujaribisha meno yakiwa kwenye nta kabla ya bamba kukamilika. Hesabu safari tatu hadi tano. Wiki ya kwanza mate yatajaa na maneno yatateleza; soma vitabu vya darasani kwa sauti jioni, ukirudia maneno kama lile "sisimizi". Likikuchubua, usilikwaruze kwa wembe wala tupa. Rudi kwa daktari, na ulivae siku moja kabla ya kwenda ili alama ya kidonda ionekane. Lioshe kwa sabuni ya kawaida na mswaki laini juu ya beseni lenye maji, likianguka lisivunjike. Maji moto hulipinda, na dawa ya meno hulikwaruza. Usiku livue, ulitie kwenye maji. Bamba dogo la jino moja linaweza kumezwa usingizini, na akriliki ya kawaida haionekani vizuri kwenye eksirei, kwa hiyo kulitafuta tumboni au kifuani ni taabu. Na ukila nje, usilifunge kwenye karatasi ya shashi mezani. Mhudumu ataliondoa pamoja na takataka.

Ujue pia kwamba bamba la juu haliwezi kubeba magego ya chini. Hayo ni mabamba mawili tofauti. Lile la chini kwa magego ya upande mmoja huhitaji kuvuka chini ya ulimi hadi upande wa pili ili lisitikisike, na watu wengi hushindwa kulizoea likaishia kabatini. Kabla ya kulilipia, jiulize kama kweli utalivaa.

Ya pili ni daraja la kugandisha: jino bandia lenye bawa jembamba linalobandikwa nyuma ya jino jirani, bila kusaga au kwa kusaga kidogo sana. Kwa jino moja la mbele ni njia ninayoona watu wengi hawaisikii. Hatari yake ni kubanduka, hasa ukiuma vigumu, na hugandishwa tena. Daktari ataangalia meno yako ya chini yanagonga wapi unapouma. Kama ulikulia Nakuru, Naivasha au kwingineko kwenye maji yenye floraidi nyingi na meno yako yana madoa ya kahawia, mwambie, kwa kuwa meno yaliyoathirika sana hushika gundi kwa shida.

Ya tatu ni daraja la kawaida, linalovikwa juu ya meno mawili ya pembeni kama kofia. Hukaa imara na hupendeza, lakini meno hayo mawili husagwa pande zote, milimita moja hadi mbili hivi, na hayarudi tena. Kama ni mazima, fikiria sana. Kama tayari yana viraka vikubwa au nyufa tangu ile ajali, hesabu hubadilika.

Ya nne ni pandikizi. Ni skrubu ya titani inayoingizwa mfupani. Mtu wa kwanza kuwekewa skrubu za aina hii aliwekewa Sweden mwaka 1965 na Per-Ingvar Brånemark, daktari aliyechunguza jinsi mfupa unavyoshikana na titani. Kushikana huko huchukua takriban miezi mitatu hadi sita kabla ya kuvikwa jino. Halisagi majirani. Lakini baada ya jino kung'olewa, upana wa mfupa unaweza kupungua karibu nusu ndani ya mwaka wa kwanza, na ukuta wa mfupa wa mbele juu ni mwembamba kama ganda la yai. Wewe una miaka mitatu. Uliza kama utahitaji kuongezewa mfupa, na kama gharama hiyo imo ndani ya zile Sh400,000 au iko nje. Sukari isiyodhibitiwa, sigara na ugonjwa wa fizi huongeza uwezekano wa kushindwa. Wala pandikizi halikufanyi "umalize mara moja": ufizi wake huweza kuugua, skrubu huweza kulegea, na usafi na ukaguzi ni wa maisha. Mkopo wa Sacco ukiuchukua kwa dhana ya kumaliza, utakuchosha mara mbili.

Hapo ndipo methali ya mumeo inapopata maana. Zamani Ulaya walichonga meno bandia kwa pembe za ndovu na meno ya kiboko. Yalikaa tu juu ya ufizi, nao mfupa ukaendelea kunywea chini yake. Bamba la kuvaa bado lina kasoro hiyo hadi leo. Pandikizi huupa mfupa kazi na kupunguza kunywea. Kwa hiyo anaweza kuwa sahihi kuhusu jino la pembe bila kuwa sahihi kuhusu meno yote.

Jambo moja dogo la rangi, lisije likakuudhi baadaye. Rangi ya jino bandia huchaguliwa kwa kulinganisha vibao vya rangi na meno yako kwenye mwanga wa mchana, bila rangi ya mdomo, mwanzoni kabisa kabla meno hayajakauka. Jino bandia halibadiliki rangi kwa dawa ya kung'arisha. Kama unataka kung'arisha meno mengine, fanya hivyo kwanza.

Kuhusu mumeo: katika barua sioni mahali ulipomwambia habari ya "sisimizi", ya githeri, au ya jino linaloshtuka. Huenda ameambiwa "meno" na "Sh400,000" tu, na mzazi yeyote mwenye karo mbele yake angeshtuka. Sijui kama angebadili mawazo, wala si kazi yangu kuamua fedha za chama ziende wapi. Karo ya mtoto nayo ni haki. Ila kuna tofauti kati ya kubishana juu ya neno na kukaa mbele ya karatasi. Mwombe daktari akuandikie mpango kwa awamu, kila awamu na bei yake: kusafisha na kutibu jino la kulia, kisha pengo la mbele, kisha magego. Muulize kipi kinaweza kungoja mwaka mzima bila madhara na kipi kikingoja kitapanda bei. Inawezekana awamu mbili za kwanza zikabakisha sehemu ya zile Sh90,000, na inawezekana zisibakishe.

Tafuta maoni ya pili. Hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Barabara ya Argwings Kodhek. Katika hospitali za kufundishia kama hiyo wanafunzi hutibu wakisimamiwa na wahadhiri wao, na kinachokugharimu zaidi ni muda. Kokote utakakoenda, angalia jina la daktari kwenye sajili ya baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, iliyoko kwenye tovuti yao. Kama shule ina bima, soma kipengele cha meno kwa makini, maana kugharamia kuziba hakumaanishi kugharamia meno bandia.

Una wiki tatu kabla ya zamu yako. Ukaguzi, eksirei na mpango ulioandikwa vinaweza kupatikana kabla ya chama kukutana. Je, mumeo angekubali kukusindikiza siku hiyo, akaliona gego kwenye picha kwa macho yake mwenyewe?